Mwaka wa Makabati Meupe

Fundi Yusufu alizikwa Masumbwe siku ya Jumatano, na sisi wanawake tukabaki nyumbani kwake, wengine kwenye mikeka sebuleni, wengine uani tukichambua mchele. Kwa umri hakuna aliyenizidi pale, kwa hiyo nilipewa kiti. Jioni ilipokaribia, mjukuu wake Zuhura akaja akachuchumaa kando yangu, akanipa shikamoo kwa mara ya pili siku ile, akatoa kwenye mkoba karatasi ya duka la rangi la Katoro, ile yenye vipande vidogo vya rangi vilivyopangwa kama vigae. Alikuwa anajenga. Akaniambia kwa sauti ya chini, akiona aibu kuuliza mambo hayo msibani, kwamba jiko lake litakuwa na makabati ukuta mzima, na hajui apake rangi gani isiyobanduka kwa mvuke na mafuta. "Ningemuuliza babu," akasema, "lakini babu mwenyewe alikuwa akisema kazi ya kuchagua rangi ni yako." Nikamuuliza mbao zake ni za mti gani. Akasema hilo hakulifikiria. Nikamweleza nilivyoweza, lakini akili yangu haikuwa tena kwenye karatasi yake. Nilifanya kazi na yule mzee zaidi ya miaka ishirini. Tulipaka majiko, wodi, madarasa na makanisa mawili, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia maneno yale usoni.

Basi nimekaa kuandika habari za mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na tisa. Nilifika mgodini kwa lori la pamba kutoka upande wa Shinyanga, nikapata kazi ya upishi katika hospitali ya mgodi, magharibi ya Geita. Ninasema upishi, lakini miezi ya kwanza ilikuwa kuosha masufuria. Mpishi mkuu alikuwa Mama Kabula, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufika wodi ya mwisho, na ndiye aliyenipokea chumbani kwake kambini. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, chake, na mkeka mmoja, wangu. Kulikuwa na sanduku la bati, kioo kilichopasuka pembeni, na ukuta wa mabanzi uliotutenganisha na wachimbaji wanne kutoka Bukoba na Kigoma. Jioni tulikula matobolwa na karanga, viazi vile vilivyokaushwa vikachemshwa tena, na Mama Kabula alitafuna polepole akinyamaza makusudi ili asikie majirani wanasema nini. Kwa kweli sehemu kubwa ya mambo niliyoyajua mwaka ule niliyasikia kupitia ukuta ule, mdomo ukiwa umejaa viazi.

Jiko la hospitali ndilo lililonifundisha kuangalia. Lilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, madirisha manne, majiko mawili ya kuni yenye bamba la chuma juu, na masufuria ya uji ambayo ningeweza kuoga ndani yake. Asubuhi mvuke wa uji wa mtama ulijaa hadi tukawa tunaitana kwa majina kujua nani yuko wapi. Mchana ilikuwa mafuta ya dagaa. Na wakati wote kulikuwa na vumbi la mawe kutoka mtambo wa kusagia, jembamba kama unga, likitua juu ya kila kitu. Kwa sababu ya vumbi hilo, na kwa sababu ya panya, Sista Helena aliagiza makabati. Sista alikuwa muuguzi mkuu, Mzungu mrefu aliyejifunza Kiswahili kwa wagonjwa, kwa hiyo alijua majina ya maumivu yote lakini hakujua kuagiza kitunguu sokoni. Alitaka makabati manane yenye milango, na alitaka yawe meupe, ili uchafu usipate pa kujificha.

Fundi Yusufu ndiye aliyeyatengeneza. Wakati huo hakuwa mzee, alikuwa kijana wa miaka ishirini na minane hivi, mwembamba, mtu wa Tabora, asiyesema sana, mwenye tabia ya kunusa ubao kabla ya kuukata. Alitumia mninga, kwa sababu ndio uliokuwepo na kwa sababu aliupenda. Nakumbuka siku aliyoyaleta, kabla ya rangi. Mbao zilikuwa za kahawia yenye michirizi ya dhahabu, milango ikifunga bila sauti. Mama Kabula alipitisha kiganja juu ya mlango mmoja akasema ni dhambi kuufunika. Fundi alisema hata yeye anaona hivyo, lakini Sista ameagiza meupe. Akapaka meupe, rangi ya mafuta, mikono miwili, kama mafundi wanavyouita kila mpako, siku mbili. Siku ya tatu tukapika.

Wiki ya tatu, wekundu ukaanza kutoka. Ulianza kwenye makabati yaliyokaribia masufuria, alama ndogo kama za kidole, kisha michirizi inayoshuka kwenye milango. Ilikuwa nyekundu iliyoiva, ya damu iliyokaa. Tulisugua, ikafifia, kesho yake ikarudi. Mgonjwa mmoja aliyetumwa kuchukua maji ya moto aliyaona, akarudi wodini bila maji.

Lazima nieleze jambo ambalo vijana wa leo watacheka. Siku zile watu wengi waliamini kuwa kuna mumiani, watu wanaokamata wenzao na kuwanyonya damu ili itengenezwe dawa, na kila mmoja alikuwa na ndugu wa rafiki aliyeponea chupuchupu. Hospitali yoyote ya Wazungu ilitiliwa shaka, ya mgodini zaidi, kwa sababu watu waliingia wakiwa wametobolewa na mawe na wengine hawakutoka. Sasa hospitali ile ikawa na makabati yanayotoka damu. Jioni ile nilisikia kupitia ukuta jirani yetu wa Kigoma akiwaambia wenzake kwamba damu inahifadhiwa jikoni, ndani ya makabati yenye kufuli, na wapishi wanalipwa kunyamaza. Mama Kabula aliacha kutafuna. Tukatazamana, wapishi wenyewe ni sisi.

Wagonjwa wakaanza kuondoka. Wenye malaria waliondoka, wenye vidonda waliondoka, na mmoja wao alikuwa Luhende, kijana wa Kisukuma aliyeangukiwa na gogo la kutegemeza mwamba, mguu wake wa kushoto umepondeka chini ya kifundo. Dresa, mfunga vidonda wa wodi, alimsihi abaki. Luhende alimjibu kwa heshima kwamba anakwenda nyumbani kupata dawa za huko, akatoka akiegemea bega la mama yake, kitambaa cha kidonda kikiwa bado kibichi. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko na bakuli la uji wake mkononi. Alinitazama kama mtu anavyomtazama nyoka asipojua kama ana sumu. Nimesahau sura nyingi katika maisha yangu, ile sijaisahau.

Msimamizi wa majengo ya mgodi alikuwa Mzungu ambaye watu walimpa jina la Bwana Haraka, na hakuna haja ya kueleza kwa nini. Aliamuru makabati yapakwe tena siku moja, kwa ile rangi ya maji inayopakwa kutani, kwa sababu inakauka upesi. Fundi Yusufu alijaribu kusema kitu. Bwana Haraka alikuwa ameshaondoka. Tukapaka asubuhi, jioni makabati yakawa meupe kama chokaa, na siku ya nne yakaanza kubanduka magamba yanayoanguka popote yanapotaka, huku wekundu ukitoka chini yake kwa nguvu kuliko mwanzo. Sista alikuta gamba ndani ya uji wa mgonjwa. Aliliweka kwenye kisahani, akalibeba hadi ofisi ya majengo, akarudi na jibu ambalo alituambia wote pamoja, sisi na Fundi, tukiwa tumesimama jikoni. Bwana Haraka alisema mbao ni mbovu na fundi ni mbovu. Makabati yachomwe, fundi aondoke. Sista aliomba mwezi mmoja. Alipewa.

Fundi Yusufu alisikiliza habari hizo huku akitazama sakafu. Halafu akaenda kwenye karakana yake, na kwa siku mbili sikusikia sauti ya randa.

Niliona nilichokiona kwa sababu nilikuwa muosha vyombo. Mtu mkubwa hafungui kabati hadi mwisho na kuingiza kichwa ndani. Mimi niliingiza, nikiwa nasugua magamba, na ndani ya mlango wa kabati la tatu, chini kabisa, nikaona kipande cha ukubwa wa kiganja kikiwa cheupe safi. Pembeni yake kote palikuwa pekundu. Kipande kile kilikuwa na umbo la kitu kilichomwagika, mchirizi mmoja mnene na matone mawili. Nilikigusa, kikawa laini. Nikakinusa, kama nilivyomwona Fundi akifanya, nikasikia kwa mbali harufu niliyoijua kutoka karakana. Ilikuwa ile polishi ya spiriti, inayotengenezwa kwa magamba membamba ya rangi ya asali yaliyoyeyushwa, ambayo mafundi wanaipaka kwenye viti ili ving'ae.

Nilimfuata karakana. Nikamwambia kwamba mahali palipomwagikiwa na polishi kabla ya rangi, mninga haujatoka damu.

Hakufurahi. Aliniuliza kama nimeajiriwa kupika au kumfundisha kazi. Nikamjibu kwamba nimeajiriwa kuosha vyombo, na ndiyo maana nimeingia ndani ya kabati kuliko yeye. Kisha akachukua taa, tukaenda naye jikoni, akapiga magoti, akaingiza kichwa ndani ya kabati la tatu, akakaa humo. Alipotoka alikuwa na vumbi la rangi kwenye nyusi. "Polishi haistahimili jiko," akasema. "Ukiweka sufuria ya moto juu yake, inapauka. Lakini sijawahi kuiweka chini ya rangi."

"Basi tuiweke," nikasema, "halafu tuone."

Hiyo *tuone* ndiyo iliyonifanya nilivyo. Fundi alikata vibao saba vya mninga, vya urefu wa mkono, akavitoboa juu ili vitundikwe. Tukaenda kwa Haridasi, Mhindi mwenye duka lililouza kila kitu kuanzia kanga hadi misumari, na nikamweleza tunataka rangi ya kabati la jikoni, itakayovumilia mvuke, mafuta, sabuni, kucha na wanawake wenye haraka. Nilitarajia acheke. Badala yake alitoka nyuma ya meza yake kama daktari, akafungua makopo yaliyokwisha kutumika nusu, akatuonyesha. Ile isiyong'aa, alisema, inapendeza macho kama maziwa, lakini inakunywa mafuta na haiyarudishi. Ile inayong'aa inaonyesha kila kasoro ya fundi, lakini mafuta yanateleza juu yake. Alitupa masalio ya makopo yote mawili bila kutaka kitu, kwa sababu, alisema, miaka yote anauza rangi na hakuna aliyerudi kumwambia ilifanya nini.

Kila kibao nilikitia alama kwa ncha ya kisu, mkato mmoja, miwili, hadi saba. Kuna kilichopakwa rangi ya maji peke yake, kuna vilivyopakwa rangi za mafuta juu ya mbao tupu, kuna kilichopakwa polishi tu bila rangi, na kuna vilivyoanza na polishi vikamalizia na rangi. Kibao cha sita na cha saba vilikuwa sawa kabisa, polishi chini na rangi inayong'aa juu, isipokuwa cha sita Fundi alikipaka mikono yote siku moja kama alivyozoea, na cha saba kilikwama katikati kwa sababu rangi iliisha na tukasubiri lori la Haridasi kutoka Mwanza. Siwezi kujisifu kwa kusubiri kule. Ilitokea tu. Ninajisifu kwa kuwa niliona tofauti.

Nilivitundika juu ya sufuria ya uji kwa waya. Kila asubuhi vilipata mvuke, kila mchana nilivirushia mafuta ya dagaa, kila jioni nilivisugua kwa sabuni na maji ya moto. Mama Kabula aliviita watoto wangu. Aliwauliza wageni kama wameshawasalimia watoto wa Minza, ndilo jina langu. Lakini siku chache baadaye nilimkuta peke yake amesimama mbele yao, mikono kiunoni, akikisema kibao cha tano kwamba alikitegemea kuliko wenzake na sasa kimekunywa mafuta kama mlevi. Kuanzia hapo alikuwa upande wangu, na kuwa na Mama Kabula upande wako lilikuwa jambo kubwa.

Kibao cha rangi ya maji kilikufa mapema. Viwili vilivyopakwa juu ya mbao tupu vilitoka wekundu. Cha polishi peke yake kilikuwa kizuri kuliko vyote hadi tulipokiwekea chungu cha moto, kikabaki na duara jeupe ambalo halikutoka tena. Vilibaki cha sita na cha saba. Kwa macho vilikuwa mapacha.

Siku Bwana Haraka alipokuja, zilikuwa zimebaki siku kumi na tano katika ule mwezi. Sista alimleta aone. Alitazama vibao vikining'inia, akatazama kile cha sita, akasema vizuri, tumepata, kesho mpake yote na keshokutwa jiko lifanye kazi. Fundi Yusufu akaitikia, ndiyo bwana. Nilisikia mdomo wangu ukisema bado.

Bwana Haraka alimuuliza Sista mimi ni nani, kana kwamba sina masikio.

"Ni mpishi," Sista akamjibu. "Yeye ndiye anayeishi na haya makabati. Mimi na wewe tunayatembelea tu."

Nilishusha vibao viwili nikaviweka mezani. "Bwana, weka ukucha hapa," nikasema, nikimwonyesha cha sita. Akaweka. Ukucha ukazama, ukaacha alama kama mwezi mwandamo. "Sasa weka hapa." Kwenye cha saba ukateleza. "Rangi ni ileile na brashi ni ileile. Hiki kilipakwa siku moja, hiki kilipewa siku nne kati ya mkono na mkono. Ukikipaka kwa haraka kitakauka juu, ndani kitabaki kibichi, na mvuke utakikuta." Mama Kabula alikohoa niliposema neno haraka. Mimi sikuwa nimekusudia, naapa. Bwana Haraka alirudia kuweka ukucha, mara mbili kila kibao, uso wake ukiwa mwekundu. Aliuliza itachukua siku ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Aliuliza wagonjwa watakula wapi siku kumi na mbili. Mama Kabula akasema tutapika nje, kwenye mafiga, kama alivyopika maisha yake yote kabla ya kuletewa jiko la chuma, na hakuna mgonjwa atakayekosa uji. Bwana Haraka akasema basi ziwe kumi na mbili, hata moja isizidi.

Katikati ya maandalizi hayo Luhende alirudishwa kwa machela. Ndugu zake sita walimbeba kutwa nzima. Mguu ulikuwa umeoza, na daktari aliukata chini ya goti siku ileile. Alinusurika, lakini mama yake alikataa chakula cha hospitali. Alipika nje ya uzio, akamlisha mwanawe kwa mkono wake, na wagonjwa wengine wakaanza kumwomba awapikie nao. Nililiona hilo, nikaelewa kwamba tungeweza kupaka makabati yakawa meupe kama theluji ya kwenye picha na bado tusingekuwa tumefanya lolote. Watu wangesema damu imefunikwa vizuri zaidi.

Nilimwomba Sista ruhusa ya kuyatoa makabati yote nje, tuyapake kwenye baraza la wodi ya wanaume, mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Alikubali. Nikamwomba Fundi aniletee tawi bichi la mninga. Aliniuliza la nini, nikamwambia, akaenda kulikata mwenyewe, mwendo wa saa nzima porini.

Asubuhi ile baraza lilijaa. Wenye magongo, wenye bandeji, ndugu zao, na Luhende amelala kwenye kitanda kilichosogezwa mlangoni, mama yake ameketi sakafuni miguu imenyooka. Nilizungumza Kisukuma, kwa sababu habari kama ile haiaminiki kwa lugha ya ofisini. Niliwauliza nani anaujua mti huu. Walinicheka, nani asiyeujua. Nikachukua panga, nikakata tawi mbele yao, na utomvu ukatoka kama unavyotoka siku zote, mwekundu mzito, ukashuka hadi kwenye vidole vyangu. Nikawaambia kwamba mti huu hausahau hata ukikatwa mbao. Ukiupaka rangi na kuuchemshia uji kila siku, unatoa kilichomo. Nikafungua milango yote ya makabati, moja baada ya nyingine, ili waone ndani. Palikuwa na panya mmoja mkavu na kijiko cha Mama Kabula kilichopotea tangu masika.

Mama yake Luhende alisimama. Alichovya kidole kwenye utomvu, akanusa, akaupaka kwenye mlango wa kabati kando ya ule mchirizi wa zamani, akarudi kukaa. Akausubiri ukauke. Watu wote walimsubiri. Ulipokauka, alikuja akalinganisha alama mbili, yake na ya kabati, na hazikuwa na tofauti.

"Kumbe ni mti," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe, na sikusikia alichomwambia, lakini Luhende alifunika uso kwa mkono. Mguu wake ulikwenda kwa sababu ya utomvu. Hilo sikuweza kulipaka rangi, wala leo siwezi.

Tulifanya kazi siku kumi na mbili mbele ya watu wale. Tulikwangua rangi zote za zamani. Tukaosha mbao kwa magadi ya moto ili mafuta ya dagaa yatoke, tukazianika hadi zikalia zikigongwa. Tukapaka polishi mara mbili. Tukapiga msasa, tukafuta vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini, tukapaka rangi ya chini, tukasubiri. Kusubiri ndiko kulikuwa kazi ngumu kuliko zote. Mkono wa mwisho, ule unaong'aa, Fundi alipaka mlango mmoja, akarudi nyuma, akautazama, kisha akanipa brashi. Alisema mkono wangu ni mwepesi. Nikapaka milango kumi na tano iliyobaki. Wagonjwa walikuwa wakinionyesha kwa vidole palipochuruzika. Kuna mmoja, mchimbaji wa zamani, alikuwa na jicho kali kuliko Fundi.

Siku hizi naambiwa rangi za enzi zile zilikuwa na madini ya risasi ndani yake na hazikufaa kukaa karibu na chakula. Inawezekana. Sisi hatukujua, na kama kulikuwa na aliyejua hakutuambia. Ninachokijua ni kwamba makabati yaliporudi jikoni, Sista alimwagia mlango wa kwanza birika zima la maji yanayochemka, akaufuta kwa nguo nyeupe, akatazama nguo. Ilikuwa nyeupe. Akaikunja akaiweka mfukoni. Masika yalipita, kiangazi kikapita, mvuke uleule, dagaa walewale, na wekundu haukurudi. Mama yake Luhende alizima moto wake nje ya uzio wiki ileile, akaja kumsaidia Mama Kabula kupepeta mtama hadi mwanawe aliporuhusiwa. Jirani yetu wa Kigoma aliugua tumbo mwezi uliofuata na akalazwa. Nilimpelekea uji mwenyewe. Aliunywa wote, akaomba mwingine.

Bwana Haraka alikuja mara moja tu. Aliweka ukucha sehemu tatu, akaondoka. Baada ya wiki alimtuma karani kumuuliza Mama Kabula kama anaweza kuniachia, kwa sababu nyumba za Wazungu kule kilimani nazo zina makabati ya mninga yanayotoka wekundu. Mama Kabula alimfokea karani hadi akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akanichukua hadi chumbani, akafungua sanduku lake, akanipa aproni yake mpya, ambayo hakuwahi kuivaa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na maua ya njano mbele. Tulipanda mimi na Fundi Yusufu, yeye na ngazi begani, mimi na makopo. Tulibisha mlango wa jikoni. Mama mwenye nyumba alitufungulia, akanitazama mimi na aproni, akamtazama Fundi na ngazi, kisha akanionyesha kwa kidole rundo la sahani chafu. Alikuwa amesikia anatumiwa mpishi, nadhani, au hakuweza kufikiria kitu kingine. Nilimwona Fundi akifungua mdomo kuanza kueleza.

"Shikamoo, memsahibu," nikasema. "Mimi ni fundi wa rangi. Makabati yako yanataka siku kumi na mbili, na siku hizo hutapika humu ndani."

Ilikuwa mara ya kwanza kujiita hivyo, na nilishangaa jinsi neno lilivyotoka bila kukwama. Yule mama akamgeukia Fundi ili apate uhakika kwa mwanamume. Fundi Yusufu alishusha ngazi, akaiegemeza ukutani, akanigeukia mimi, akangoja niseme tuanzie wapi. Halafu memsahibu akaanza kuondoa sahani zake mwenyewe, moja moja, nami nikaingia na ndoo ya magadi.